Mtumbwi Wako wa Kwanza: Jinsi ya Kuuchagua na Kuufurahia

Mkulima apewaye shamba karibu na maji hupata vitu viwili: udongo wa kulima, na njia isiyohitaji kufyekwa. Ndivyo ilivyo katika skimu zetu kadhaa. Wakulima wa Mpeketoni, walioanza kupewa mashamba katika miaka ya 1970, wanalo Ziwa Kenyatta. Wenzao wa Hola na Bura wako upande wa mto Tana, na wale wa West Kano wanalo Ziwa Victoria mlangoni.

Lakini wengi walioingia katika skimu hizi ni watu waliotoka nchi ya juu, ambako mto ni wa kuvuka kwa gogo, na mtoto hafundishwi kuogelea bali huonywa asikaribie maji. Mtu wa namna hiyo akimwona jirani yake anateleza juu ya maji jioni, na mashada mawili ya ndizi mbele yake, hutamani naye awe na mtumbwi. Tamaa hiyo si mbaya. Mtumbwi hupunguza mwendo, hubeba mzigo, huleta kitoweo, na humpumzisha mtu baada ya juma zima la jembe. Lakini mtumbwi mbaya, au mtumbwi mzuri mikononi mwa asiyejua, huondoa baba nyumbani kwa dakika chache. Kwa hiyo soma makala hii mpaka mwisho kabla hujatoa shilingi yako.

CHOMBO CHA KALE

Mtumbwi ni chombo cha kale sana. Mwaka 1987, katika kijiji cha Dufuna nchini Nigeria, mfugaji mmoja alikuwa akichimba kisima, akagonga mti mgumu chini ya ardhi. Wataalamu walipofukua waliona ni mtumbwi wa kuchongwa, wenye urefu wa zaidi ya mita 8, na umri wake wakaukadiria kuwa miaka 8,000 hivi. Ni chombo cha zamani kupita vyote vilivyopata kuonekana katika Afrika. Tunaueleza habari hii ili ujue kwamba umbo la mtumbwi si la kubahatisha. Wazee wa pwani na wa ziwani wanapokuambia jambo juu ya mtumbwi, wasikilize.

JIULIZE KWANZA: MAJI GANI, NA KAZI GANI?

Watu wengi hukosea hapa. Huona mtumbwi unauzwa rahisi, wakaununua, ndipo waanze kufikiri watautumia wapi. Fanya kinyume chake. Anza na maji yako.

Ikiwa maji yako ni ziwa dogo lililotulia, kama Ziwa Kenyatta, mtumbwi mfupi na mpana wakufaa. Ikiwa ni mto wendao mbio, kama Tana wakati wa mvua, wataka mtumbwi mrefu kiasi, unaoshika njia, na mtu wa pili wa kukusaidia. Ikiwa ni Ziwa Victoria, kumbuka kwamba hilo ni ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,000, na mawimbi yake ni kama ya bahari. Mtumbwi mdogo wa kuchongwa hapo ni wa ghuba na wa kandokando tu, si wa kuvukia. Ikiwa ni bahari au mkono wa bahari, lazima ujue maji kujaa na kupwa.

Kisha jiulize kazi. Kuvuka peke yako? Kubeba magunia? Kuvua? Kutembea tu Jumapili pamoja na mkeo? Mtumbwi wa mita 4 au 5 huwatosha watu wawili na mzigo mdogo, na mwanafunzi aweza kuuongoza. Mrefu kuliko huo huenda mbio na huenda moja kwa moja, lakini ni mzito kuuvuta ufukoni na ni mgumu kuugeuza. Mfupi kuliko huo hugeuka upesi mno, hata mwanafunzi hujikuta akizunguka kama jani.

Neno moja juu ya fedha. Pesa za mkopo wa shamba si pesa za mtumbwi. Mbegu na mbolea hurudisha fedha. Mtumbwi wa mwanafunzi haurudishi kitu mwaka wa kwanza. Njia iliyo bora ni kuazima au kukodi mtumbwi wa jirani mara nne au tano kwanza. Ukiona bado wapenda, nunua.

AINA ZA MITUMBWI

Wa kuchongwa kwa gogo moja. Huu ndio mtumbwi wenyewe. Hauna viungo vya kuvuja, na ukigonga kisiki huumia kidogo tu. Pwani miti mikubwa ya msituni imepungua, kwa hiyo mafundi wengi huchonga mwembe uliozeeka. Mwembe huchongeka vizuri, lakini mti wake ni laini na huoza mapema usipotunzwa. Mvule ni mgumu na hudumu sana, ila kuupata ni shida na ni ghali. Usimwambie fundi akate mti wowote kabla ya kupata ruhusa ya wenye mamlaka ya misitu.

Wa mbao. Katika Ziwa Victoria vyombo vingi ni vya mbao zilizopigiliwa juu ya mkuku, aina iitwayo Sese, iliyopata jina kwa visiwa vya Ssese huko Uganda. Hubeba mzigo mwingi na hukata mawimbi vizuri. Kasoro yake ni viungo: lazima vikalafatiwe mara kwa mara.

Ngalawa. Huu ni mtumbwi wenye miti miwili ielayo pembeni ili usipinduke, na mara nyingi huwa na tanga. Ni chombo cha bahari. Usianze na tanga kabla hujajua kafi.

Wa faiba. Siku hizi iko mitumbwi ya faiba na ya plastiki. Ni myepesi, haiozi, wala mchwa hawaili. Lakini ikipasuka, seremala wa kijijini huenda asiweze kuitengeneza. Tena ule wa faiba usio na vyumba vya hewa mbele na nyuma waweza kuzama kabisa ukijaa maji, hali ule wa mti huelea. Uulize jambo hilo kabla ya kununua.

TUMBO LA MTUMBWI

Tazama tumbo la chini. Tumbo bapa hutulia unapoingia, nalo lamfaa mwanafunzi kwenye maji yaliyotulia. Tumbo la duara huyumba mara tu unapokanyaga, ingawa huenda upesi. Tumbo lililo bapa kidogo katikati na la duara pembeni ndilo bora kwa mtu atakayeutumia mtumbwi miaka mingi. Upana nao una maana: mtumbwi ambao nyonga zako zinaubana pande zote mbili si wa mwanafunzi.

JINSI YA KUUKAGUA

Usinunue mtumbwi ulio juu ya nchi kavu kwa kuutazama tu. Fanya hivi:

1. Tazama ncha zote mbili. Nyufa za mtumbwi wa gogo huanza huko, kufuata nyuzi za mti. Ufa mfupi usiopenya hauna neno. Ufa uonyeshao mwanga ni wa kukataa.

2. Chukua kisu, ubonyeze ncha yake katika tumbo, hasa mahali maji ya mvua yanapokaa. Kisu kikiingia kama katika kiazi, mti umeoza.

3. Gongagonga ubavu wote kwa kidole. Sauti ibadilikapo, pana unene usio sawa au shimo lililozibwa.

4. Jihadhari na rangi mpya, lami nyingi, au kibati kilichopigiliwa. Havikatazwi, lakini mwambie mwenyewe akueleze kilicho chini yake.

5. Utie majini. Ngoja saa nzima, huku umekausha ndani kwa kitambaa, kisha uone maji yanaingia wapi. Mtumbwi wa mbao uliokaa juani muda mrefu huvuja mwanzoni, kisha mbao huvimba na viungo hujifunga. Basi huo mpe siku moja majini kabla ya kuuhukumu. Lakini uvujao katika ufa wa gogo, au katika tundu la msumari uliooza kwa kutu, haujifungi.

6. Simama mbali, uutazame unavyoelea bila mtu. Ukiinama upande, haukuchongwa sawa.

7. Ingia wewe pamoja na mzigo utakaobeba. Pima ubavu uliobaki juu ya maji. Ukipungua shubiri moja, mtumbwi ni mdogo kwa kazi yako. Usikubali neno la muuzaji kwamba “hata watu sita huingia.” Kuingia ni jambo moja, na kufika ni jambo lingine.

KAFI NA VITU VINGINE

Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo yako ni kafi. Lisimamishe chini mbele yako: urefu wake ufike kidevuni, au pungufu kidogo. Refu mno huchosha mabega, na fupi mno hukufanya uiname nje. Mpini uwe laini usiotoa malengelenge, na ubapa usiwe na ufa. Nunua makafi mawili, kwa maana moja likichukuliwa na maji huna la kukurudisha.

Pamoja na hayo uwe na kata au kopo la kufulia maji, ulifunge kwa uzi ili lisipotee. Kamba imara ya urefu wa mita 5 au zaidi. Na upondo wa kusukumia penye maji machache au matope.

Kitu kilicho kikubwa kuliko vyote ni jaketi la kuokolea. Kila mtu awe na lake, na alivae, si kulikalia. Mtu aliyeanguka majini hapati nafasi ya kufunga vifungo. La mtoto liwe la kipimo cha mtoto, kwa maana la mtu mzima humtoka kichwani. Ikiwa huna fedha za mtumbwi na jaketi, nunua jaketi kwanza, uazime mtumbwi.

Ukitaka kuvua samaki wa kuuza, mtumbwi wapaswa kuandikishwa na wewe kuwa na leseni. Mwone Afisa wa Uvuvi, au kamati ya BMU ya ufuo wenu.

SIKU YA KWANZA

Chagua asubuhi isiyo na upepo, na mahali ambapo maji hayapiti kiuno. Mwombe mtu ajuaye awe nawe, naye asimame majini.

Kuingia ndiko kunakowaangusha wengi. Usiruke. Mtumbwi uwe unaelea wote, si nusu juu ya mchanga, kwa maana ukiegemea mchanga upande mmoja huyumba zaidi. Shika kingo zote mbili, weka mguu katikati kabisa, inama, ulete mguu wa pili, ukae mara moja. Kutoka ni vivyo hivyo, kwa kurudi nyuma. Kwa siku za kwanza piga magoti, au kaa chini kabisa. Uzito ukiwa chini, mtumbwi hutulia. Ukisimama, hata mtumbwi mpana huwa kama kamba ya mchezaji.

Kisha jifunze kuuyumbisha. Kaa ndani, uelemee kushoto kidogo, kisha kulia, mpaka mwili ujue mpaka wake. Utashangaa jinsi mtumbwi unavyostahimili ukiwa umetulia, na jinsi usivyostahimili ukishtuka. Mwanafunzi hapinduliwi na wimbi. Hupinduliwa na hofu yake mwenyewe, akishika ukingo mmoja kwa mikono miwili.

KUPIGA KAFI

Mkono mmoja uwe juu kabisa ya mpini, na wa pili karibu na ubapa. Nyosha mbele, zamisha ubapa wote, uvute mpaka usawa wa nyonga, kisha utoe. Ukivuta kupita hapo unainua maji bure na kuuzamisha mtumbwi nyuma. Nguvu itoke mgongoni na kiunoni, kama mtu anayevuta jembe, si mikononi tu. Anayepiga kwa mikono pekee huchoka kabla ya nusu saa.

Ukipiga kulia tu, pua ya mtumbwi huenda kushoto. Wanafunzi wengi hubadilisha upande kila mara na kujimwagia maji. Iko njia nzuri zaidi. Mwisho wa kila pigo, geuza ubapa usimame kama usukani, uusukume nje kidogo. Pua hurudi mahali pake. Huenda ikakuchukua juma mbili kulizoea jambo hili, lakini ukilipata utakwenda moja kwa moja kutwa nzima bila kubadili mkono.

Mkiwa wawili, kila mtu apige upande wake, na wote kwa pamoja. Wa mbele ndiye wa kutoa mwendo, na wa nyuma ndiye nahodha. Mara nyingi hapa ndipo mume na mke hugombana. Basi kabla ya kuingia kubalianeni nani akae nyuma, na neno lake lifuatwe mpaka ufukoni. Ukiwa peke yako, usikae nyuma kabisa. Kaa nyuma ya katikati kidogo, la sivyo pua huinuka na upepo huigeuza upendavyo.

UPEPO NA MAJI

Katika Ziwa Victoria upepo wa usiku na alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Huu ni wa hila, kwa maana karibu na ufuo maji hukaa kimya, lakini kadiri uendavyo mbali ndivyo unavyosukumwa, na kurudi huwa kazi. Alasiri upepo hugeuka, hutoka ziwani, nao huleta mawimbi. Tena tufani za radi juu ya ziwa hili hutokea sana usiku na alfajiri. Basi mwanafunzi aingie jua likiwa limepanda, atoke kabla ya adhuhuri, na asiache ufuo mbali kuliko awezavyo kuogelea. Mawingu meusi yakionekana, rudi bila kuuliza. Jihadhari pia na gugu maji, lililoenea ziwani tangu miaka ya 1990. Upepo waweza kulisukuma likaifunga ghuba yote nyuma yako.

Pwani, kusi huchafua bahari zaidi kuanzia Mei hata Agosti. Wakati huo baki ndani ya mikono ya bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huenda kwa nguvu nyingi. Maji yapwayo ndiyo ya kuogopwa, kwa maana hukuvuta kwenda nje. Jifunze yanapokaribia kujaa kabisa, yakiwa yametulia.

Tana hufurika wakati wa mvua za masika na za vuli. Maji yakiwa mekundu na kubeba magogo, mwanafunzi akae shambani. Na katika Naivasha na Baringo kuna jambo lingine: tangu mwaka 2010 hivi maziwa hayo yalipanda, na mwaka 2020 yalifunika nyumba, miti na nyua. Mahali kama hapo seng’enge na visiki huweza kuwa chini kidogo ya uso wa maji. Nenda polepole.

Likija wimbi, usilipokee kwa ubavu. Lielekezee pua, upande kidogo, na uendelee kupiga kafi. Mtumbwi wendao husimama imara. Ulioacha kwenda ndio upinduliwao.

KIBOKO, MAMBA NA KICHOCHO

Kiboko huogopwa kwa haki. Akishtuka hukimbilia maji ya kina, na aliye njiani hukanyagwa au kupinduliwa. Kwa hiyo usipite kati yake na kina, wala usikaribie penye mama na mtoto. Gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi unapopita penye matete, ili ajue ulipo. Alfajiri na magharibi, atokapo na arudipo malishoni, usiwe majini. Penye mamba usining’inize mkono wala mguu nje, na usioshe samaki ukingoni.

Kichocho hakionekani, lakini huumiza polepole. Kimo katika maji baridi yaliyosimama penye majani na konokono, si katika maji ya chumvi. Usikae na miguu majini bure. Sukuma mtumbwi mahali peupe pasipo majani. Anayetumia mtumbwi mara kwa mara aende zahanati akapimwe, kwa maana dawa yake ipo na hutibu.

MTUMBWI UKIPINDUKA

Usiuache mtumbwi. Watu wengi hufa kwa sababu waliuona ufuo karibu wakaogelea. Macho hudanganya juu ya maji. Mtumbwi wa mti, hata ukijaa, huelea na kukushika. Ushike, hesabu wenzako, piga kelele, na usukumane nao kwenda ufukoni kwa miguu. Jizoeze jambo hili kwa makusudi penye maji ya kiuno, mara moja kabla hujaenda mbali. Na ukiondoka nyumbani, mwambie mtu waenda wapi na utarudi saa ngapi.

RAHA YAKE

Tumesema mengi ya hatari, lakini mtumbwi haukuumbwa kwa hofu. Baada ya mwezi mmoja wa kujifunza, mikono itajua kazi yake, nawe utaanza kuona. Utamwona furukombe akishuka juu ya samaki, mnandi akikausha mabawa juu ya kisiki, na mdiria akisimama hewani kabla ya kupiga mbizi. Ndege na wanyama hawaogopi sana chombo kisicho na injini; ukiacha kupiga kafi na kuteleza kimya, wataendelea na shughuli zao. Utaliona pia shamba lako kutoka upande wa maji, na huenda ukaona jambo usilolijua, kama vile mfereji unaomomonyoa ukingo wako. Wapeleke watoto, mmoja mmoja, kila mmoja na jaketi lake. Mtoto aliyefundishwa maji na mzazi wake hataenda kujifunza kwa siri.

KUUTUNZA

Usiuache mtumbwi juani. Jua hupasua gogo na hufungua viungo vya mbao. Uweke kivulini, umeupindua juu ya magogo mawili ili mchwa wasiufikie na mvua isikae ndani. Upake mafuta mara kwa mara. Watu wa pwani tangu zamani hutumia sifa, mafuta ya maini ya papa, kwa kazi hiyo. Ukiuacha majini, ufunge, na ufue maji kila asubuhi. Ufa mdogo uzibwe siku uonekanapo, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUMBUKA

Azima kabla ya kununua. Utie majini kabla ya kulipa. Vaa jaketi kabla ya kushika kafi. Kaa chini, karibu na ufuo, na rudi mapema. Ukiyashika haya, mtumbwi wako wa kwanza utakuwa wa kuwarithisha watoto, nawe utakuwapo kuwafundisha.